Mguu wa Kushoto wa Koplo Simiyu

Siku mliponiaga mliniletea keki yenye umbo la mguu, na sina budi kusema kwamba kifundo chake hakikukaa sawa. Nilikula vidole vyote. Mkaniomba niseme neno, nikasema asante nikaketi, kwa sababu mimi nikisimama mbele ya watu maneno hunipotea. Sasa niko nyumbani, mtaani Jericho, chai iko mezani, hakuna anayenigongea mlango akiuliza kama plasta imekauka, na lile neno limepatikana. Nawaandikia nyinyi mliobaki karakanani. Vyeo na mishahara sitavigusa, maana vya kwangu havitawafurahisha. Nitawaambia kuhusu miguu.

Nimetengeneza miguu ya bandia tangu nikiwa msichana hadi nikawa nyanya. Katika soko la Kariokor, nilikokuwa nikinunua ngozi, waliniita Mama Miguu. Wakiniita kwa sauti, wanaume wasionijua waligeuka haraka kutazama, kisha wakaendelea na shughuli zao wamevunjika moyo.

Siku ya kwanza kazini nilifika nikiwa na cheti kipya na koti jeupe ambalo mama yangu alikuwa amelipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilikabidhiwa kwa Mzee Swalehe. Huyu alikuwa mtu wa Majengo, kule Pumwani, mwenye kofia safi na mikono migumu. Alikuwa ameshona viatu Kariokor miaka mingi kabla hospitali haijamchukua kushona mikanda na ngozi za miguu ya bandia. Nilidhani atanionyesha mashine. Badala yake alivuta kigoda, akakiweka kikielekea ukuta.

"Binti, kaa hapo. Tazama ukuta."

"Nitafanya nini, mzee?"

"Utasikiliza."

Nilikaa nikiwa nimevimba kwa hasira. Nyumbani tayari walikuwa wamewaambia majirani kwamba mimi ni daktari, na sasa daktari alikuwa ameadhibiwa kama mtoto wa darasa la pili. Nyuma yangu mtu alianza kutembea. Nilisikia kishindo, mlio wa ngozi kavu, kishindo kingine kizito zaidi, kisha kitu kama mtu anayeburuta gunia.

"Umesikia nini?" akauliza Mzee Swalehe.

"Anatembea."

"Hilo hata mbuzi wa Majengo angeniambia. Sikiliza tena."

Baadaye alinieleza, na hili ndilo la kwanza ninalotaka mlishike. Ukimwangalia mtu akitembea, anajitengeneza. Anatembea kukufurahisha wewe. Mpe mgongo, atatembea vile anavyotembea akienda chooni, na hapo utajua kama mguu wake unamuuma, ni mrefu, au unalegea. Ndiyo maana mliniona miaka yote nikisimama nimewapa wagonjwa mgongo, na wengine wenu mkadhani nina dharau.

Yule aliyekuwa akitembea siku hiyo aliitwa Mzee Musa. Alikuwa amepigana Burma katika vita vya pili vya dunia, akaacha huko mguu mmoja chini ya goti na marafiki wengi. Nilipogeuka mwishowe, nilimwona mtu mrefu, mkavu, akiwa amesimama juu ya mguu wa mbao wa zamani kabisa. Mbao zilikuwa zimepasuka, lakini mikanda ya ngozi ilikuwa laini na inang'aa. Nikauliza ngozi ya kale namna ile imewezaje kubaki hai. Mkewe, Bi Khadija, aliyekuwa amekaa mlangoni na kikapu chake, akajibu kabla ya mumewe kufungua mdomo.

"Mimi ndiye naipaka mafuta. Kila Ijumaa kabla hajaenda msikitini. Tangu nimeolewa."

"Na nani alikufundisha?"

"Nani wa kunifundisha? Nilikuta bwana anavuja damu, mkanda umekauka unamkata. Ningekaa niangalie?"

Mzee Musa akacheka. Alisema yeye alipigana miaka michache tu, Khadija amepigana miaka yote iliyofuata. Tulipompa mguu mpya, alikataa kuutupa ule wa mbao. Bi Khadija aliufunga kwa leso yake ya kujitanda, akaubeba kwapani kwenda nao nyumbani. Nilisimama pale na koti langu la pasi nikielewa kwamba mguu ule ulikuwa wa watu wawili. Nililia, sioni aibu kusema, na Mzee Swalehe akanipa kitambaa cha kupangusia gundi.

Ni Mzee Musa na wenzake wa Majengo walioanzisha yale matembezi ambayo wengi wenu mmeyaona. Kila mwaka, siku waliyoichagua wenyewe, familia za wanajeshi wa mitaa yetu ya Eastlands hukutana nje ya soko la Kariokor. Hapo ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wa vita vya kwanza, wale waliobebeshwa mizigo ya watu wengine hadi wengi wakafia njiani. Babu yake Mzee Swalehe alikuwa mmoja wao, na hakuna ajuaye alikozikwa. Kutoka hapo hutembea kwa mstari hadi ukumbi wa mtaa Pumwani, wajane na mama wakiwa na picha za watu wao, kisha hunywa chai na mandazi na kutaja majina. Hakuna bendi wala viti vya wageni wa heshima. Kuna mtu mmoja tu wa kutoa amri ya kuondoka, na hata mama wa miaka themanini huitii.

Miaka ikapita kwa plasta na vumbi. Sitawachosha kwa kila mgonjwa. Waliogongwa na magari walikuwa wengi, wa ugonjwa wa sukari wakazidi kuwa wengi, na wale wa Burma wakatutangulia mmoja mmoja. Mbao zikaondoka, plastiki ikaja, na magoti ya chuma yakaja katika masanduku yenye maelezo ya lugha ambayo hakuna aliyeweza kuisoma. Mzee Swalehe alistaafu, akaniachia msharasi wake, ile sindano nene ya mpini wa mbao ya kutobolea ngozi. Alipofariki nilikwenda Majengo kumzika, na msharasi ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Sikukusudia kwenda nao. Ulikuwa tu pale, kama funguo za nyumba.

Halafu wakaanza kuletwa vijana. Hawa walitoka vitani ng'ambo ya mpaka, Somalia, na wengi walikuwa sawa na mwanangu wa mwisho kwa umri. Mzee wa Burma alikuja kwetu akiwa amezoea ulemavu wake zamani. Hawa walikuja na hasira mbichi, na simu zilizojaa picha za wenzao waliokufa.

Koplo Simiyu aliletwa mgongoni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: aliishi Pipeline, kule Embakasi, orofa ya sita, katika jengo ambalo ngazi zake ni nyembamba kiasi kwamba watu wawili wakipishana lazima mmoja avute pumzi. Kaka zake walimbeba kumshusha na kumpandisha. Mkewe Consolata, muuza mboga mwenye sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili, aliniambia kwamba akibebwa hushusha kofia ifunike uso. Majirani walimpisha kwa heshima, wakaweka mitungi yao ya maji chini, wakanyamaza. Ile heshima ndiyo iliyomuua zaidi.

Bomu la kutegwa lilikuwa limechukua mguu wake wa kushoto juu ya goti. Lilichukua pia rafiki yake, Juma, kijana wa Majengo aliyekula naye sahani moja tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Juma alizikwa wakati Simiyu bado yuko hospitalini, hajitambui. Alipoamka, mtu wa kwanza aliyemwona kando ya kitanda alikuwa mama mtu mzima mwenye buibui, ameshika chupa ya uji. Akawauliza wauguzi ni nani. Mama akajijibia mwenyewe.

"Mimi ni mamake Juma. Nimekuja kumwona mwanangu aliyebaki."

Haya yote Simiyu alinisimulia siku nilipomfunga plasta ya kuchukua umbo la kigutu chake. Mtu akifungwa plasta hana pa kwenda, kwa hiyo huongea. Nilimuuliza, kama ninavyowauliza wote, mguu huu anautaka wa kufanyia nini. Wengine husema kazi, wengine mpira, mmoja aliwahi kuniambia anautaka wa kumkimbizia mpangaji wake asiyelipa kodi.

"Madam, kuna ile matembezi ya Kariokor," akasema. "Mama Juma atabeba picha. Nataka nikuwe hapo kando yake. Na sitaki kusukumwa kwa kiti. Kwa miguu."

"Ya mwaka huu?"

"Mazishi nilikosa. Hii siwezi kosa."

Miezi haikuwa mingi. Nikamwambia tutajaribu. Consolata, aliyekuwa mlangoni palepale alipokaa Bi Khadija zamani zile, akasema, "Sio kujaribu, daktari. Huyu nimechoka kumwona chini ya kofia."

Mguu ulitoka mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, maana nyote mliushika. Sehemu ya juu ilikipokea kigutu bila kukibana, urefu ulikuwa sawa, goti liliteleza kama mlango uliopakwa mafuta. Tukamsimamisha kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia. Otieno, kijana wetu wa mazoezi, akasimama mbele yake.

"Sasa boss, twende na ile ya kulia. Mguu mzima kwanza, polepole."

Simiyu akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi, akaanguka.

Alianguka siku hiyo, akaanguka kesho yake, akaanguka wiki iliyofuata. Jambo lililotutesa ni kwamba Otieno akimshika kiuno na kumvusha ile hatua ya kwanza, zilizobaki alizitembea vizuri mpaka mwisho wa vyuma. Akisimama na kuanza upya, goti lilikunjika kabla macho yetu hayajajua mguu upi umetangulia, naye akawa chini. Tulibadilisha goti. Tukapunguza urefu. Otieno, najua unasoma hapa na unanuna, lakini ulifundisha sawasawa; anayeanza huanza na mguu mzima, kwa sababu mguu wa bandia ukitangulia bila kasi, goti halijanyooka vizuri linapobebeshwa uzito. Kila mtu alilijua hilo, hata Simiyu. Ukimuuliza ataanza na upi, alijibu bila kusita: wa kulia.

Siku moja aliinuka kutoka sakafuni, akaketi kwenye benchi, akafungua mikanda mwenyewe. Akaniambia nimpigie Mama Juma nimwambie asimngoje. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Nimewaona watu wakitupa miguu ukutani, na hao hurudi. Yule anayeivua taratibu na kuipanga benchini ndiye anayekwenda nyumbani moja kwa moja.

Nikamwomba mara moja tu ya mwisho. Nikawapa mgongo, nikatazama ukuta, nikafumba macho.

Nilichosikia kwanza ni visigino. Vyote viwili vilijikusanya pamoja kwa mlio mmoja mkavu, ngozi kwa ngozi. Kisha kimya kifupi. Kisha mlio wa goti la chuma. Hakukuwa na kishindo cha mguu wa kulia kabisa. Mguu wa bandia ndio ulioondoka kwanza.

"Simiyu," nikasema bila kugeuka, "umeanza na upi?"

"Kulia, madam."

"Kulia wapi?" Consolata akapaza sauti toka mlangoni. "Wewe ukatoka na kulia lini? Daktari, huyu hata akienda dukani kununua maziwa anatoka na kushoto. Tangu atoke mafunzo. Tukitembea naye barabarani, mimi ndiye hubadilisha mguu nifuatane naye. Karibu nianguke siku ya harusi!"

Otieno akashika kichwa. Mwanajeshi akisimama wima na kutazamwa, huondoka kwa kushoto. Hakuamua. Mwili wake ulikuwa umeamriwa hivyo uwanjani jua likiwaka hadi amri ikaingia kwenye mifupa. Sisi tulikuwa tukimsimamisha wima mbele ya watu, tukimwambia "sasa", kisha tukishangaa anamtii sajini badala ya kututii sisi.

Tungeweza kumfundisha kusahau. Otieno alipendekeza hivyo, na kwa mgonjwa mwingine ningekubali. Lakini huyu alitaka kuondoka Kariokor pamoja na mstari mzima, na mstari mzima ungeondoka kwa kushoto. Nikasema hatutambadilisha mtu. Tutabadilisha mguu.

Nilikwenda Kariokor siku ileile. Nikanunua kipande cha ngozi laini, na kwa wale washona ndala za matairi nikachukua ukanda wa mpira wa tyubu. Walicheka wakiniuliza kama Mama Miguu sasa anashona ndala. Nikausogeza mhimili wa goti nyuma kidogo, ili kisigino kikikanyaga, uzito wenyewe ulinyooshe na kulifunga. Kisha nikashona mkanda wa mbele, ngozi juu na mpira katikati, wa kuuvuta mguu wa chini utupwe mbele bila kungoja kasi. Matundu yake niliyatoboa kwa msharasi wa Mzee Swalehe. Kuna mashine ya kutoboa, ndiyo. Siku hiyo sikuitaka.

Alipouvaa, nikamwambia asahau yote ya kulia. Ajikusanye, arushe kigutu mbele kwa nguvu, akikanyaga akisukume nyuma. Kilichobaki ni amri, na Otieno akasema amri ni kazi ya mkubwa. Kwa hiyo nikapanua kifua.

"Mbele, tembea!"

Hakuna aliyetembea. Simiyu aliniangalia kwa huruma.

"Madam, hiyo ni kama unaita watoto wakule ugali."

"Basi nionyeshe."

Akanionyesha. Nikaipiga tena kutoka tumboni, kwa ile sauti ambayo baba yangu aliitumia kuwaita mafundi wa mabomba wa halmashauri. Visigino vikagongana. Mguu wa kushoto ukaruka mbele, ukakanyaga, goti likafunga. Wa kulia ukafuata. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, hadi mwisho wa vyuma, na mikono yake haikuvigusa. Alipofika mwisho hakujua kusimama, akaugonga ukuta kwa paji la uso, akageuka akicheka na nundu ikiota. Consolata alipiga vigelegele hadi wauguzi wa chumba cha pili wakaja mbio wakidhani kuna aliyejifungua.

Ngazi za Pipeline zikawa somo lililofuata, na kwa mara ya kwanza zilikuwa upande wetu. Mtu wa mguu wa bandia akishuka ngazi, hutanguliza ule wa bandia. Kwake ulikuwa wa kushoto. Asubuhi ya matembezi nilikwenda kumchukua, nikasimama chini kwenye mlango wa jengo. Nilimsikia tangu orofa ya sita, orofa baada ya orofa, pamoja na sauti za majirani. Hawakunyamaza safari hii.

"Koplo! Niaje, Koplo!"

"Poa sana! Songa na hiyo mtungi, mimi nashuka!"

Alipotokea mlangoni alikuwa amevaa koti lake na nishani, na kofia ilikuwa imekaa juu, mahali pa kofia. Kaka zake walikuwa nyuma yake mikono mitupu, hawajui waiweke wapi.

Kariokor familia zilikuwa zimeshajipanga. Niliwaona wajukuu wa Mzee Musa wakiwa na picha yake na ya Bi Khadija, bega kwa bega. Mama Juma alikuwa mbele, picha ya mwanawe kifuani. Alipomwona Simiyu akija kwa miguu alimwendea. Alimshika mashavu yote mawili, akamtazama kutoka kofia hadi viatu, kisha akamwekea mkono mmoja begani, kwa uzito, kama mtu anayejaribu kama kiti kitamhimili. Simiyu hakuyumba.

"Haya mwanangu," akasema. "Leo wewe ndiye utatupa amri."

Consolata alijipanga upande wake wa pili. Mimi nilirudi nyuma hadi ukutani kwa soko, kwenye harufu ya ngozi na mpira. Sikutaka kuangalia. Niliwapa mgongo wote, nikafumba macho kama siku yangu ya kwanza.

"Mbele!" Sauti yake ikajaa barabara. "Tembea!"

Wakaondoka. Nilisikia viatu vya ngozi, ndala, raba na fimbo za wazee, vyote kwa pamoja. Nikautafuta mguu wangu ndani ya sauti hizo. Niliutengeneza mwenyewe, najua sauti ya kila mkanda wake, na nilisikiliza kwa yote niliyofundishwa na Mzee Swalehe. Sikuupata. Ulikuwa umepotea kati ya miguu ya watu.

Nilichokisikia, katika hatua ya pili, ni viatu vya mwanamke vikiruka kidogo, mara moja, haraka. Alikuwa Consolata, akibadilisha mguu ili afuatane na mumewe.